Nyumba Yetu Isimame au Ipite? Barua ya Wazi kwa Wenye Mizani za Barabara Kuu za Marekani

Kwa Waheshimiwa Wenye Mamlaka ya Mizani za Barabara Kuu,
Majimbo 50 ya Marekani.

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwanza kwa lugha. Nawaandikia kwa Kiswahili, si kwa kiburi, wala si kwa kuwa Kiingereza kimenishinda kabisa, bali kwa sababu kwa muda wa majuma matatu, nikiwa nimeketi kando ya dereva katika barabara zenu pana, nilisoma vibao vyenu vilivyoandikwa kwa Kiingereza safi na nisipate maana yake. Na mkwe wangu, aliyezaliwa na kusomeshwa katika nchi yenu hiyo hiyo, mwenye shahada mbili ukutani, hakuambulia zaidi yangu. Nimeona ni insafu, basi, na mimi niwaandikie barua msiyoifahamu, ili tuwe sawa.

Yafaa mnijue. Mimi ni mzee wa Wete, Pemba, na kwa miaka 31 ya umri wangu nilikuwa karani wa mizani ya karafuu. Gunia lililetwa, likatundikwa, nami nikaandika frasila kadhaa na ratili kadhaa, kila frasila ratili 35, nikamkabidhi mtu cheti chake akaenda zake. Kama karafuu zilinyunyiziwa maji usiku ili zizidi uzito, hilo lilikuwa la mkaguzi, naye alikuwa na pua yake. Lakini katika miaka yote hiyo sikupata kumwuliza mchumaji hata mmoja kwamba karafuu hizi umezileta kwa nia gani: ni za kumwoza binti, ni za nauli ya Hija, au ni za kulipa deni la dukani. Sheha alipima, yatima akapima, na mshale haukumwonea haya huyu wala kumhurumia yule. Nikastaafu nikidhani kwamba nimejua mizani ni nini.

Binti yangu ameolewa Columbus, katika jimbo la Ohio, na mumewe, kijana mpole mwenye mapenzi ya mambo makubwa, amenunua nyumba ya magurudumu. Kwa faida ya wasomaji wa pwani watakaoisoma barua hii kabla yenu, nyumba ya magurudumu ni basi lililonyang'anywa abiria na kupewa jamaa moja tu: ndani mna chumba cha kulala, jiko, friji, choo, bafu, na sebule ambayo, gari likisimama na mtu akibonyeza kitufe, hujivuta nje kwa ubavu kama mtu aliyeshiba akilegeza mkanda. Wenyewe huiita kwa herufi mbili, RV, na sehemu kubwa ya nyumba hizo huundwa huko Elkhart, jimbo la Indiana. Wastaafu wa nchi hiyo, kipupwe kikiingia, huzipanda wakaelekea kusini kama ndege, na hakuna anayewauliza wanakwenda kufanya nini, maana inajulikana kwamba hawaendi kufanya lolote.

Nyumba ya mkwe wangu ina urefu wa futi 34, na kiwandani ilipewa kikomo cha ratili 26,000, yaani frasila 743 hivi. Nilipouliza kwa nini 26,000 kamili na si zaidi, nikaambiwa kwamba ikizidi hapo ratili moja tu, baadhi ya majimbo, Texas likiwa mojawapo, humtaka dereva awe na leseni ya daraja jingine. Kwa hiyo waundaji wengi husimama kwa adabu ukingoni mwa hesabu hiyo, wasiuvuke. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba katika nchi hii uzito si jambo la chuma na mbao peke yake.

Sasa nawasimulieni yaliyotupata, nikiyaficha majina ya majimbo, kwa kuwa sikuja kufitinisha ndugu.

Katika jimbo la kwanza tulikuta kibao kikubwa kisemacho kwamba malori yote yaingie kupimwa. Mkwe wangu akasema sisi si lori. Mimi nikamkumbusha kwamba nilikwisha kuinama chini ya nyumba yake asubuhi ile nikitafuta kofia yangu, na nilichokiona chini ya zulia na vigae vya jikoni kilikuwa fremu ya lori, magurudumu ya lori na ekseli za lori. Na kwamba mtu akimvika punda joho, sokoni bado atauzwa kwa bei ya punda. Tukaingia. Mbele yetu palikuwa na malori kumi na mawili, na nyuma yetu yakajipanga mengine, nasi tukasogea kwa heshima, mimi nikiwa nimevaa kanzu safi kwa ajili ya shughuli hiyo, maana tangu nistaafu sikupata kukutana na mizani ya kiserikali. Tulipofika, kipaza sauti kikakohoa, kisha afisa akatoka kibandani mwake akicheka, akatuambia kwamba kambi ya kulala iko maili tisa mbele, na kwamba tunawachelewesha watu wa kazi. Hatukupimwa. Waheshimiwa, nimekataliwa mambo mengi katika maisha yangu, mikopo, posa na cheo, lakini sikupata kukataliwa na mizani.

Katika jimbo la pili, tukiwa tumekwisha kupata somo, tulikikuta kibao kingine kilichosema habari ya magari yanayozidi ratili 10,000, tukakipita kwa tabasamu la watu wajuao taratibu. Hatukwenda maili nne. Taa za bluu na nyekundu zikatokea nyuma, na afisa kijana, mwenye adabu ambayo nitaikumbuka daima, akatuuliza kwa nini tumeikimbia mizani. Mkwe wangu akamweleza hukumu ya jirani zao. Afisa akajibu kwamba jirani zao wana sheria zao. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonishikisha kalamu hii: je, mmebeba kitu chochote cha kuuza?

Binti yangu nilimlea kusema kweli, na siku ile nilijuta. Akasema amebeba doti sita za kanga, mbili zikiwa za harusi, alizoagizwa na wanawake wenzake wa Des Moines, naye atalipwa akifika.

Afisa akanyamaza. Akaitazama nyumba yetu kuanzia tairi la mbele hadi kibomba cha moshi, kisha akazitazama kanga zilizokunjwa juu ya kitanda, na nikaona waziwazi kwamba kati ya vitu hivyo viwili, kilichokuwa kikimlemea moyoni ni kanga. Doti zote sita hazifiki ratili nane. Nyumba bila kanga ilikuwa ratili 26,000 na haikuwa na uzito wowote mbele ya sheria. Zilipoingia ratili nane za pamba, ghafla ikawa nzito. Akatuandikia onyo, akatutakia safari njema, akaenda zake akiwa bado anafikiri.

Usiku ule mkwe wangu alinisomea kanuni za serikali kuu, nami kwa mara ya kwanza nikaielewa elimu yenu. Gari la biashara, zasema kanuni hizo, ni pamoja na lile lenye ukomo wa uzito wa ratili 10,001 au zaidi, likitumika barabarani kuchukua watu au mali katika biashara ivukayo mipaka ya majimbo. Na mtu achukuaye vitu vyake mwenyewe mara mojamoja, bila ujira na bila kutafuta faida, huyo kanuni zamwacha apite. Basi mwokaji mwenye gari la tani tano na mikate yake anaingia mizanini, na mstaafu mwenye nyumba ya tani kumi na tano na vigae vya marumaru anapita akimpungia mkono. Sisi Waislamu tumefundishwa tangu chuoni kwamba amali huhesabiwa kwa nia, lakini tulidhani hesabu hiyo ina Mwenyewe, na ina siku yake. Hatukujua kwamba imekwisha kuanza kufanyiwa kazi kando ya barabara, kwa zamu, na afisa aliyevaa kofia ya ukingo mpana.

Nisieleweke vibaya, nami najua mlikotoka. Mwaka 1913 majimbo manne, Maine, Massachusetts, Pennsylvania na Washington, yalikuwa ya kwanza kuweka kikomo cha uzito wa malori, Maine ikitosheka na ratili 18,000 na Massachusetts ikivumilia hadi 28,000. Mwaka 1956, barabara kuu za nchi nzima zilipoamriwa kujengwa, serikali kuu ikaweka ratili 73,280, na kwa sheria ya mwaka 1974 ikapandisha hadi 80,000 kwa gari zima, 20,000 kwa ekseli iliyo peke yake, na 34,000 kwa ekseli mbili zinazofuatana. Na hesabu hizi za mwisho hazikutungwa kwa ndoto. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika Illinois, askari wa jeshi waliyaendesha malori katika njia za mviringo zilizojengwa kwa majaribio, mchana na usiku, wakizunguka kama ng'ombe wa kinu cha ufuta, mpaka lami na zege vikasalimu amri. Na wahandisi wakatoka hapo na kanuni itajwayo hadi leo: kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake, hata ekseli ikiwa nzito mara mbili, huiumiza barabara mara 16.

Nikaichukua kanuni hiyo, Waheshimiwa, nikaketi nayo mezani, karani mzee asiye na kazi. Lori lililojaa kwa kiasi cha sheria hukanyaga kwa ekseli tano, na kila moja ya zile mbilimbili za nyuma haichukui zaidi ya ratili 17,000. Nyumba yetu, ambayo nyuma ina ekseli moja tu, imeruhusiwa na muundaji wake kukanyaga kwa ratili 17,500. Maana yake ni kwamba yule dereva wa lori aliyekuwa mbele yetu katika foleni, jasho likimtoka, vyeti mkononi, hakuwa na ekseli hata moja iliyoikandamiza ardhi kuliko ile iliyokuwa chini ya kitanda cha mke wa mstaafu. Nakiri kwamba lori lina ekseli nyingi na hupita kila siku, na nyumba yetu hutoka mara mbili kwa mwaka. Nakiri pia kwamba kama kila mstaafu angesimama, foleni ya mwezi wa Novemba ingefika Mexico. Sikatai. Nasema tu kwamba lami haikuniuliza habari za kanga.

Na kwa kuwa mizani ya serikali ilinikataa, niliitafuta ya kununua. Katika vituo vikubwa vya malori mna mizani za kulipia, ambako dereva hupima kwa hiari yake ekseli moja moja, akapewa cheti. Na huko Iowa, mkwe wangu akinung'unika kwamba tunapoteza fedha, nilimsihi aingie. Mkono ulinitetemeka nilipokipokea kile cheti. Ekseli ya nyuma: ratili 18,400. Tulikuwa tumezidi kiasi cha muundaji kwa ratili 900, na tairi zetu, ambazo kwa majimbo matatu zilikuwa zikiungua kimyakimya chini ya miguu ya wajukuu wangu, zilikuwa zimepitishwa na maafisa wawili, mmoja kwa kicheko na mmoja kwa onyo la kanga. Nanyi, lau mngetupima, msingeona kosa, kwa kuwa 18,400 ni chini ya zile 20,000 zenu. Mizani yenu hulinda barabara, hailindi wapitao juu yake.

Ukaguzi wa ndani ulifanyika palepale. Tangi la maji safi, galoni 80, lilikuwa limejazwa pomoni tangu Columbus, kana kwamba tunavuka jangwa, na hizo peke yake ni ratili 667 hivi. Zilizobaki, 233 hivi, zilipatikana chini ya kitanda: magunia manne ya mchele ya ratili 40 kila moja, na nyuma yake, limefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga, kinu cha mti na mchi wake, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi na sufuria tatu za shughuli. Nilimwuliza binti yangu, mama, kinu cha nini katika nchi yenye umeme kila kichaka? Akanijibu kwamba kisamvu cha mashine si kisamvu. Sikuwa na hoja ya kumjibu. Maji tuliyamwaga, mchele tukauhamishia mbele, na kinu tukakipakata kwa zamu hadi Des Moines.

Msidhani nawasifia kwetu ili kuwadharau ninyi. Kwetu mizani ina balaa zake. Nje ya Nairobi, katika barabara ya Mombasa, upo mji mzima uitwao Mlolongo, na haukupewa jina hilo na mshairi, bali na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani hapo, madereva wakila, wakilala na kuzeeka, hata mji ukaota kando yao. Mwaka 2013 wenye malori wa Tanzania walisimamisha magari yao kwa ugomvi wa msamaha wa asilimia 5 kwa uzito uliozidi. Na yako mengine yasemwayo juu ya mizani zetu ambayo mtu aliyekula mshahara wa mizani hayasemi. Lakini hata katika ugomvi wote huo, sikupata kusikia mtu akiuliza kama basi liendalo harusini lisimame au lipite. Basi la abiria Tanzania huingia mizanini na watu wake ndani, mwenye kwenda kuzika na mwenye kwenda kuuza dagaa, likapanda, likatikisika, likashuka. Na abiria ambaye safari yake ni ya starehe hapati hata kioo cha kutazamia nje zaidi ya mwenzake.

Wako kati yenu waliojaribu kusema wazi, na haki yao nawapa. Florida ina vituo vya kukagua mazao na mifugo, na sheria yake imezitaja nyumba za magurudumu kwa jina lao kwamba hazilazimiki kusimama. Mtu akisoma, amejua. California husimamisha kila gari mpakani, la tajiri na la maskini, na kuuliza kama lina matunda; machungwa mawili ya safarini yana kituo, afisa na swali maalumu, ilhali marumaru ya jikoni hupita bila kuulizwa. Hata hivyo ni swali moja kwa wote, na mimi nimelipenda.

Kama mmekata shauri kuendelea kupima nia, basi naomba, kwa uzoefu wangu wa kazi, mpime kwa vipimo kamili. Pembeni mwa kila mizani pajengwe sahani ya pili, ndogo, ambayo dereva ataweka juu yake makusudio yake. Litolewe jedwali la kuonyesha ni mandazi mangapi yakiliwa ndani ya gari huwa chakula, na ni mangapi yakiuzwa kambini huwa shehena. Ifafanuliwe hukumu ya sahani ya futari ambayo mwanamke humpelekea jirani wa kambi akitumaini kuazimwa mpira wa maji: hiyo ni hidaya, au ni biashara ivukayo mipaka ya majimbo, ikiwa jirani anatoka Nebraska? Na mstaafu ambaye nyumba yake ni ya starehe, lakini mkewe njiani akapata mnunuzi wa hiyo nyumba yenyewe, je, inakuwa nzito papo hapo, au mpaka fedha ipokewe? Nilipokuwa Wete tuliambiwa kwamba karani asiyeweza kujibu swali la mchumaji afunge dirisha aende akaulize, na nina hakika madirisha yenu ni imara zaidi ya yetu.

Au muandike kibao kimoja, kwa majimbo yote 50, chenye idadi ya ratili na neno moja, kwamba simama au pita. Sisi tutatii lolote kati ya hayo. Mkwe wangu angependelea kupita, maana ana haraka ya kutokwenda kokote. Mimi ningependelea kusimama, lakini mimi nina ugonjwa wa mizani.

Mwezi wa Januari, Mungu akipenda, tutasafiri tena, safari hii hadi Quartzsite katika jangwa la Arizona, ambako nasikia nyumba za namna yetu hukusanyika kwa wingi kama watu siku ya mwaka kogwa. Mtatujua kwa rangi ya maziwa, pazia za maua, na mzee mwenye kofia ya vito nyuma ya kioo cha mbele. Katika kila njia panda ya mizani mtatukuta tumepunguza mwendo, taa ya kulia ikiwaka na kuzima, mguu wa mkwe wangu ukining'inia kati ya breki na mafuta, na nyuma yetu watu wakipiga honi. Doti sita zimekwisha na fedha imelipwa. Binti yangu ameagiza nyingine 12.

Wasalaam,

Wenu katika kazi ya kupima,
Karani mstaafu wa mizani, Wete, Pemba;
kwa sasa Columbus, Ohio.

Baada ya sahihi: Kinu kinakuja.